Babu wa Jiwe Pembeni mwa Picha

Bu Seong-rak hakuvunja ndoa ya mtu. Hakuwa amelewa siku ile, hakupewa hongo ili atengeneze picha za uongo, na yule mwanamke wa bara aliyeonekana kwenye stendi ya teksi amemshika mkono wa koti huku akilia hakuja kumlaani. Maneno haya yameanza upya tangu Bu azikwe, na wanaoyasema ni watu waliokula wali wa matanga yake. Juzi mke wa dereva Yang Du-man aliyasema sokoni, mbele ya lundo la machenza, akichambua yaliyooza bila kuinua macho, kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, ila tu kwa lile jambo la maharusi. Mwalimu Hyeon Jeong-ok, mjane wa Bu, alikuwa amesimama nyuma yake na kikapu. Alilipa machenza yake, akarudi nyumbani, akanawa mikono. Ndiyo maana jambo la maharusi linaelezwa hapa, lote kama lilivyokuwa, mara moja tu.

Bu alikuwa dereva wa fungate. Vijana wa leo wa kisiwa cha Jeju hawaijui kazi hiyo, lakini zamani ilikuwa kazi ya heshima. Maharusi walishuka kwenye ndege wamevaa nguo za kufanana, nywele za bibi arusi zingali ngumu kwa dawa ya jana, na dereva aliwapokea mlangoni akiwa na majina yao kwenye kibao. Tangu hapo walikuwa wake mpaka siku ya kuondoka. Aliwaendesha, aliwalisha mahali palipo safi, aliwanyamazisha walipogombana, na zaidi ya yote aliwapiga picha, kwa maana dereva asiyejua kamera hakupata maharusi. Bu aliwasimamisha kando ya maporomoko ya maji, akawalaza kwenye majani, akamwambia bwana arusi ambebe mkewe mgongoni, akamwambia bibi arusi achungulie nyuma ya mti kana kwamba hajui mumewe yuko upande gani. Bwana arusi alipokunja uso, Bu alimwambia, "Cheka, bwana. Umeoa, hukuibiwa." Hapo walicheka wote wawili, na kidole cha Bu kilikuwa kimekwisha bonyeza.

Hakuna aliyeondoka Jeju bila kupigwa picha na babu wa jiwe, yule mzee mweusi wa kuchongwa, macho kama mayai, kofia kichwani, mikono tumboni. Wageni waliona hawajafika kama hawajasimama naye. Bu alikuwa na namna yake. Maharusi aliwaweka katikati, na babu alimweka kulia, pembeni kabisa, nusu ya mwili tu. Alisema akiwekwa katikati anawameza wenzake. Alifanya hivyo miaka na miaka, mpaka mikono yake ikawa inafanya yenyewe.

Nyakati zile pasipoti haikutolewa kwa mtu anayetaka tu kwenda kustarehe, kwa hiyo nchi nzima ilikuja Jeju kuanza ndoa. Kisha sheria ikalegezwa, mishahara ikanona, na maharusi wakaanza kupita juu kwa juu. Walikwenda Thailand, walikwenda Hawaii. Bu aliendelea kuosha gari kila asubuhi. Alibeba wazee wenye magongo ya gofu, alibeba masanduku ya samaki, akarudi jioni gari linanuka. Mshahara wa ualimu ndio ulioshika nyumba na karo ya binti yao Eun-sil. Jeong-ok hakulitaja jambo hilo mbele ya mumewe hata siku moja, na hapa linatajwa ili ijulikane kwamba halikutajwa.

Ukaja ule mwaka ambao makampuni yalianguka. Won, fedha ya Korea, ilishuka vibaya, hata safari iliyolipika wakati wa posa haikulipika tena siku ya arusi. Ofisi za usafiri zilifunga milango watu wakiwa na mabegi mikononi. Na wale ambao wangepanda ndege kwenda mbali wakageukia tena kisiwa kile ambacho wazazi wao walikifanyia fungate. Stendi ikajaa. Simu ikalia tena nyumbani kwa Bu, na aliyekuwa akipiga ni Bwana Pyo wa ofisi moja ya usafiri ya Seoul, mtu aliyekuwa amewasahau muda mrefu.

Watu wa Jeju walishukuru, na wengine walishukuru vibaya. Yang Du-man alisema mbele ya madereva wote, "Dola ikipanda tena kidogo, kaka Bu, nanunua gari jipya." Bu alimjibu, "Mdogo wangu, huyo unayembebea sanduku baba yake amefunga karakana wiki hii. Punguza meno." Yang hakusahau kuaibishwa kule, na mkewe hakumsaidia kusahau. Jeong-ok naye alishukuru, lakini jikoni, kwa sauti ya chini, kama mtu anayekula mbele ya mwenye njaa. Mchele ulikuwepo. Binti yake alikuwa shule. Alijua mchele ule umetoka wapi.

Maharusi wenyewe walikuja Januari, shule zimefungwa. Majina yao hayatatajwa. Bibi arusi alikuwa binti wa Daegu, mji wa bara, bwana arusi alifanya kazi katika kampuni ya nyaya za umeme. Walikuwa waende Hawaii. Ofisi waliyoilipa ilikufa siku chache kabla ya arusi, nao wakaja na masanduku waliyokwisha kuyapanga, yaani nguo za jua katika upepo wa Jeju wa Januari. Bu aliwaona uwanjani wanatetemeka, akawapeleka moja kwa moja nyumbani kwake. Jeong-ok aliwakalisha mahali ambapo sakafu, inayopashwa moto kwa chini, ina joto zaidi, akawapa maji ya shayiri, kisha supu ya samaki na figili. Bwana arusi alimaliza bakuli, akaomba jingine kwa macho. Bibi arusi alikula polepole, na alipomaliza akasema linalomsumbua.

Alitaka picha kwenye mitende, za kumpelekea mama yake aliyeko Daegu. Alikuwa amesikia kwamba upande wa kusini ipo, mirefu, kando ya bahari. Alitaka avae gauni lake la maua, na katika picha kusionekane kitu kingine cha Jeju.

Bu alikubali palepale. Jeong-ok alimfuata ukumbini alikokuwa akivaa viatu.

"Baba Eun-sil, sasa unakwenda kupiga uongo."

"Mimi napiga kinachosimama mbele ya kamera."

"Watakaoiona watadhani nini?"

"Wewe Mwalimu, madaftari ya darasani hayajakutosha? Unataka kumsahihisha na mama wa watu aliyeko Daegu?"

Ukumbi ni mdogo na mlango ni wa karatasi. Bibi arusi alikuwa amesikia. Alitoka amekumbatia mikono yake, akainama kidogo.

"Dada, nisamehe. Mama yangu aliwaambia watu mpaka wauza samaki. Mashangazi wa mume wangu wananiita binti wa Hawaii tangu siku ya posa. Nikirudi mikono mitupu hawatanicheka mimi. Watamcheka yeye, na yeye kanilea peke yake."

Jeong-ok alikwenda kabatini akatoa koti lake zito la kushonewa pamba, akaingia garini pamoja nao.

Kwa hiyo alikuwepo, na anajua. Bu hakuwa amelewa. Kwenye bustani ya mitende upepo ulivuma hata gauni la maua likamgandama binti wa watu, vipele vya baridi vikamsimama mikononi. Jeong-ok alisimama nje ya picha na koti. Kila kamera ilipolia alikimbia akamfunika, kila Bu alipoinua mkono alimfunua tena. Bwana arusi, mwenye shati la mikono mifupi, aliambiwa acheke, akasema meno yamegandiana na ndiyo maana yanaonekana. Walicheka kweli. Bu aliwasogeza huku, akawarudisha kule, akajinyoosha, akachuchumaa, mpaka akaridhika. Aliwapa mkanda wakausafishe kwao kama desturi, na bwana arusi alipotaka kumwongezea malipo kwa kazi ile ya mitende, aliukataa mkono wake. Badala yake waliondoka na sanduku la machenza na samaki wa kukausha wa kupeleka ukweni.

Sasa kosa. Pale bustanini palikuwa na babu wa jiwe. Hayuko mbali na mtende wa mwisho, yuko hata leo. Jeong-ok alimpita kila alipokimbia na koti na hakumwona, kwa maana mtu aliyezaliwa Jeju hamwoni babu wa jiwe kama vile haoni pua yake. Bu naye hakumwona. Lakini mikono yake ilimwona. Iliwasogeza maharusi hatua kwa hatua, kama ilivyozoea, mpaka mzee akakaa mahali pake, kulia, pembeni, nusu ya mwili. Katika kila picha.

Kule Daegu mama wa bibi arusi hakusubiri hata aziangalie vizuri. Siku ya kupeleka chakula ukweni alizipeleka pamoja na nyama na keki za mchele. Zilizunguka kutoka mkono hadi mkono, na mashangazi wakazisifu, mpaka mmoja akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akauliza huyu babu wa Jeju alipataje nauli ya kwenda Hawaii, na sisi wengine dola zimetushinda.

Simu ililia nyumbani kwa Bu jioni ile. Jeong-ok alimwona mumewe amesimama, kichwa kinainama na kuinuka, akiinamia simu kana kwamba mwenye kusema yuko mbele yake. Sauti ya yule mama ilisikika mpaka jikoni. Alisema, "Umenivua nguo mbele ya wakwe zangu." Alisema binti yake amerudi kwake analia. Alisema atahakikisha hakuna bibi arusi mwingine atakayepanda gari lile. Bu alisema kosa ni lake, akaomba msamaha, akaomba tena, na simu ilipokatwa aliendelea kuishika.

Yule mama alitimiza. Alimpigia Bwana Pyo wa Seoul, na Bwana Pyo, ambaye biashara yake ilisimama juu ya sifa, akaacha kumtumia Bu wageni. Stendi imejaa maharusi, madereva hawana hata nafasi ya kula, na Bu anafuta kioo kilichokwisha kuwa safi. Mambo hayakawii kusambaa. Wa kwanza alisema Bu amekosea picha. Wa pili alisema alikuwa amelewa. Ilipofika kwa mke wa Yang, Bu alikuwa amechukua fedha za kudanganya wakwe na binti wa watu amerudishwa kwao. Hilo la kurudishwa si kweli. Binti alilala kwa mama yake usiku mmoja, na asubuhi mumewe alimfuata, wakaenda zao.

Kilichokuwa hatarini si kipato peke yake. Wangekula, mshahara wa ualimu ulikuwepo. Lakini jina la Bu ndilo lililokuwa kazi yake, na jina hilo ndilo ambalo Eun-sil angeolewa nalo. Jeong-ok alimwambia mumewe aende stendi akawaeleze wenzake kisa chote, aseme ni maharusi wenyewe waliotaka.

"Nikieleza nitamtaja mtu," Bu alisema.

"Nao wamekutaja wewe."

"Mama Eun-sil, waliingia garini kwangu wakiwa maharusi. Wakitoka garini kwangu, siri yao inabaki garini."

Jeong-ok alikasirika. Alilala amempa mgongo. Lakini hakwenda kumweleza mtu yeyote, na kila asubuhi alimfungia chakula cha kwenda nacho stendi kama mtu mwenye kazi, akatia na yai juu ya wali, ili anapofungua mbele ya wenzake wasione nyumba imelegea.

Wakati huo hewa ya nchi ilikuwa inabadilika. Watu walipanga foleni kutoa pete zao za dhahabu ili nchi ilipe madeni yake. Televisheni ilisimama uwanja wa ndege ikawaonyesha wanaoondoka kwenda kustarehe, na watu majumbani wakawatukana kwa majina. Safari ya Hawaii, ambayo wakati wa posa ilikuwa sifa, sasa ilikuwa kitu cha kuficha. Na kule kampuni ya nyaya walikuwa wanachagua nani abaki na nani aende.

Hayo ya kampuni Bu na mkewe hawakuyajua. Waliyajua mwaka uliofuata, maua ya njano yalipokuwa yamejaa mashambani.

Siku moja basi lilishusha wanawake wa Daegu karibu na stendi. Mmoja wao, amevaa kofia pana, aliuliza dereva Bu ni yupi. Yang Du-man alimwonyesha kwa kidevu. Bu alipoisikia sauti aliijua, akavua kofia yake na kuinama kabla hajaambiwa neno. Yule mama alimshika mkono wa koti. Alilia palepale, mbele ya madereva, na Bu akainama zaidi kwa sababu hakujua afanye nini. Hayo ndiyo mke wa Yang aliyoyaona kutoka kwenye kibanda chake cha machenza. Aliona vizuri. Hakusikia kitu, maana kibanda kiko ng'ambo ya barabara, na pengo hilo akalijaza mwenyewe.

Bu alimleta nyumbani. Jeong-ok aliyemfungulia mlango hakuwa na uso mzuri. Alimkalisha mahali penye joto kwa sababu ni mgeni, akamwekea maji ya shayiri kwa sababu ni mkubwa kwake. Yule mama hakugusa kikombe.

"Mwalimu," alisema, "nimekuja kuomba msamaha nyumbani kwako, maana nilimtukania mumeo nyumbani kwako."

Kisha akaeleza. Maneno yake ya majivuno yalikuwa yametembea kuliko yeye mwenyewe. Yalifika kampuni ya nyaya, kwamba kijana fulani amekwenda kutupa dola Hawaii wakati wenzake wanatoa pete za ndoa. Mkuu wake alimwita. Majina ya wanaoondoka yalikuwa yanaandikwa wiki ileile. Kijana alisema hakufika Hawaii, na mkuu akamwambia kila mtu sasa anasema hivyo. Kijana akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani mchana, akarudi na picha. Mkuu aliishika, akaona mitende, akaona gauni la maua, uso ukamkaza zaidi. Kisha akaona pembeni kulia. Inasemekana alicheka mpaka akakaa. Alisema, "Huyu mzee nami nimepiga naye picha, mwaka niliooa." Akamuuliza dereva wao alikuwa nani.

Kijana alibaki kazini. Wengi wa ofisi yake waliondoka.

"Mimi ndiye niliyemponza mkwe wangu," yule mama alisema. "Kosa la mumeo ndilo lililomwokoa. Na mimi kosa hilo nimeliadhibu mwaka mzima." Kabla hajasafiri alikuwa amekwisha kumpigia Bwana Pyo simu, akamweleza ukweli.

Bu alikuwa ameangalia sakafu muda wote. Alipoinua uso alisema kwamba hakukusudia, isije ikadhaniwa alikuwa na akili ya kuona mbele. Ni mikono tu. Jeong-ok alimtazama mumewe, mtu aliyekataa kuchukua hata sifa isiyokuwa yake, na hasira ya mwaka mzima ikamtoka bila kuaga. Alikwenda jikoni akapasha supu. Aliporudi, yule mama alikuwa ameshika kikombe.

Kesho yake alitaka apelekwe kwenye mitende. Walikwenda wote watatu. Alisimama kando ya babu wa jiwe, na Bu akaanza kumsogeza kushoto, kushoto kidogo tena.

"Unafanya nini?"

"Babu anakaa pembeni, mama. Akiwa katikati atakumeza."

"Mweke katikati. Na animeze."

Picha hiyo Bu aliipiga, babu akiwa katikati.

Wageni wa Bwana Pyo walirudi. Bu aliwabeba maharusi miaka kadhaa, hata hali ya nchi ikatengemaa, won ikasimama, na ndege zikaanza tena kupita juu kwa juu. Safari hii hakununa. Alikuwa akiosha gari asubuhi, ikipita ndege aliinua kichwa akaitazama mpaka ipotee, kisha akasema, "Basi mambo yao yamekaa sawa." Akaendelea kuosha. Alizeeka akibeba samaki tena, na hakuona ameshushwa. Eun-sil aliolewa, akaenda fungate Thailand, na baba yake ndiye aliyemwambia achukue koti jepesi kwa ajili ya jioni.

Jeong-ok anashukuru kwa mtu aliyempata. Anashukuru kwa mchele wa mwaka ule, na kwa wale waliokuja Jeju kwa kukosa pa kwenda, wakalipa, wakacheka na meno yakigongana. Kila mwanzo wa baridi huletwa kwake sanduku la matunda makavu kutoka bara. Msimu huu lilikuja na shada la maua meupe kwa ajili ya kaburi, kwa kuwa habari za msiba ziliwafikia.

Picha ya yule mama na babu wa jiwe imo nyumbani. Mke wa Yang amekwisha tuma mtu kuuliza kama anaweza kuiona, na kama ni kweli bwana arusi yule sasa ni mkubwa mahali fulani. Picha haitaonyeshwa. Jina halitasemwa, si la binti, si la mama, si la kampuni. Waliingia garini kwa Bu wakiwa maharusi. Jeong-ok amemaliza, na asiulizwe tena.